Kocha Namba Mbili wa Maziwa Makuu

Baada ya miaka ishirini na Klabu ya Maziwa Makuu, kwanza akiwa winga wa kushoto na kuanzia mwaka 2014 akiwa kocha mkuu, Boniface Komba anastaafu rasmi Jumamosi hii, tarehe 15 Novemba 2025. Anaondoka na makombe matatu, goti moja bovu, presha inayopanda kila mwamuzi akipuliza filimbi, na nafasi ya pili miongoni mwa makocha bora wa klabu hii. Kamati imeniomba, mimi Jerotich niliyekuwa msaidizi wake, niigusie hiyo nafasi ya pili kwa upole. Samahani, kamati. Mwenyewe hakuwahi kuigusia kwa upole, na mimi si mtu wa kupaka mafuta.

Kwa wageni wetu wa leo, niwaeleze kidogo. Klabu hii ilianzishwa mwaka 2004 na Wakongo, Warundi na Watanzania wanaoishi huku Marekani, kati ya Rockville na Fairfax, pamoja na sisi Wakenya, ambao tulikuja baadaye na tukaanza kusema tulikuwepo tangu siku ya kwanza. Tunacheza ligi ya wahamiaji ya Jumapili. Wachezaji wetu wengi ni walezi wa wazee, wasafishaji wa maofisi, madereva na wanafunzi. Kwa hiyo timu yetu haipangwi kwa kuangalia nani ana mguu mzuri tu. Inapangwa pia kwa kuangalia nani ametoka zamu saa ngapi.

Tumekuwa na makocha wakuu wanne tu. Wa kwanza ni mwanzilishi wetu, Papa Théophile kutoka Uvira, aliyetupa makombe manne na ambaye mpaka leo akikohoa mabeki wote wanarudi nyuma. Akafuata Respicius, mtu wa Bukoba, msimu mmoja, hakuna kombe. Respicius aliweka mazoezi Jumapili asubuhi, saa ya ibada, na akashangaa kwa nini anafundisha Waislamu watatu na mbwa wa jirani. Kisha Gitau, misimu miwili, kombe moja, ambalo analisimulia kana kwamba yalikuwa matano. Halafu Boniface.

Kila Novemba, ligi ikiisha, tunakutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa pale Rockville kwa shughuli tunayoiita Kupanga Makocha. Watanzania wanaleta pilau, Wakongo wanaleta pondu, yaani kisamvu chao, na fufu, Wakenya tunaleta chapati na kelele. Tukishakaa, tunawapanga makocha wote wa historia yetu, kuanzia bora hadi wa mwisho, kwa kunyoosha mikono. Makocha wenyewe wanakuwepo, wanaruhusiwa kujitetea, na wanaruhusiwa kujipigia kura, maana tuliona ni unafiki kuwakataza. Namba moja anakaa kichwa cha meza na anapakuliwa wa kwanza. Wa mwisho anafungua soda za watu wote mpaka mwaka unaofuata. Respicius amefungua soda miaka mingi kiasi kwamba sasa anakuja na kifungulio chake mfukoni na hasubiri matokeo.

Tunacheka sana siku hiyo, lakini msidanganyike. Huku watu wanaamka saa tisa usiku kwenda kumgeuza mzee wa mtu mwingine kitandani, na wakirudi hakuna anayewauliza kazi ilikuwaje. Ukiambiwa mbele ya watu wako kwamba wewe ni namba moja kwa kitu fulani, hata kama ni ukocha wa timu isiyo na uwanja wake, hilo neno linakaa na wewe mwaka mzima. Boniface alilitaka hilo neno, na hakuficha. Tangu achukue kombe la tatu mwaka 2022 amekuwa wa pili kila Novemba, na kila Novemba amekuja na hoja mpya. Binti yake Tania, ambaye amezaliwa huku na anaelewa Kiswahili vizuri ila anajibu kwa Kiingereza, anamwita Coach Two hata kwenye meza ya chai. Boniface hucheka. Mkewe, dada yetu Rosemary, aliwahi kuniambia kwamba akishacheka hivyo huenda kukaa kwenye gari peke yake kidogo.

Sasa lazima nisimulie fainali ya mwaka 2009, ingawa kila mwanachama anaijua, kwa sababu bila hiyo hamtamwelewa huyu bwana. Wakati huo Boniface alikuwa mchezaji, na alikuwa akifanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee huko Rockville. Asubuhi ya fainali alitoka kazini, akapanda treni, akapanda basi, akatembea kipande kilichobaki, akafika Fairfax na viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Papa Théophile alimwangalia macho yalivyokuwa mekundu, akamweka benchi. Akabaki benchi dakika zote tisini. Zikaja dakika za nyongeza, wenzake wote wa akiba wakaingia, yeye yuko palepale, kamba za viatu zimefungwa. Tulishinda. Lile ndilo kombe la nne la Papa Théophile, na ndilo lililomfanya awe yeye. Boniface alivalishwa medali na akarudi kazini usiku uleule.

Kisa hiki anakisimulia Boniface mwenyewe kila Novemba, bila hasira, huku Papa Théophile akiendelea kutafuna. Hakuna anayemlaumu mzee. Alitaka kombe na alilipata. Lakini Boniface alipokabidhiwa timu, kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata hajauliza mipira iko mingapi, ni kutangaza kanuni moja: aliyefika na viatu, anacheza. Hata kama ni dakika tano. Hata kama ni mbovu. Ligi inaruhusu wachezaji saba wa akiba na wote saba waingie, basi wote saba wataingia.

Mimi nilikuja kuwa msaidizi wake nikitokea kwenye riadha, na huko kwetu ukifundisha watu mbio unataka wa kwanza tu, wengine utawapongeza baadaye. Kanuni ile ilinichoma kutoka siku ya kwanza. Mechi tulizopoteza kwa ajili yake ningeweza kuzitaja moja moja, lakini nimepewa kurasa chache. Nitakiri pia kwamba kwa kanuni hiyohiyo tulichukua makombe matatu, jambo ambalo mpaka leo silielewi vizuri.

Kazi yake kubwa haikuwa ubaoni. Ilikuwa Jumamosi jioni, kwenye simu, akipanga magari. Anajua nani anamaliza kazi mtaa wa Shaw, nani anamaliza Rockville, gari la nani lina nafasi na gari la nani limeanza kutoa moshi. Anampigia huyu, anambembeleza yule, anamfokea wa tatu, na kesho yake watu kumi na wanane waliolala saa mbalimbali wanajikuta wako kwenye uwanja mmoja wamevaa jezi zinazofanana. Hotuba yake ya kabla ya mechi ni fupi na ina Kiswahili cha Songea, Kifaransa cha kubahatisha na maneno ya Kikenya niliyomkataza kuyatumia. Kila mtu anaelewa la kwake. Tukifungwa, makosa huwa ni ya waamuzi.

Mwezi Machi mwaka huu alitutangazia kwamba huu ndio msimu wake wa mwisho. Daktari alikuwa amemwambia apunguze kupiga kelele, na Rosemary alikuwa amemwambia kwamba miaka ishirini ya Jumapili inatosha kwa ndoa yoyote kuvumilia. Akasema ataondoka na kombe la nne. Wote tulielewa maana yake. Akipata la nne analingana na Papa Théophile kwa makombe, na kwa kuwa ametumikia misimu mingi zaidi, kwenye kupanga hakuna ambaye angebisha. Angekuwa namba moja. Sikuwahi kumwona mtu mzima akitaka kitu waziwazi namna ile. Nilimwambia nitamsaidia akipate, na nilimaanisha.

Tulifika fainali. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Fairfax tena, nyasi bandia, upepo wa kukata masikio. Wapinzani walikuwa Los Primos, vijana wa El Salvador wanaokimbia kama wameibiwa kitu na mwizi bado wanamwona. Papa Théophile alikuja, kama anavyokuja fainali zote, akaketi pembeni ya benchi letu kwenye kiti chake cha kukunja, blanketi magotini. Kipindi cha kwanza Josué, mshambuliaji wetu, akafunga kwa kichwa. Moja bila. Nilimtazama Boniface. Hakushangilia. Mkono wake ulikuwa shingoni, pale anaposikilizia presha.

Mapumziko yalipokwisha, gari la Respicius likaingia kwenye maegesho, na Leonard akashuka. Leonard ni ndugu yetu kutoka Bujumbura, mlezi wa wazee, mtu mwema kuliko wote tulio nao. Mpira na yeye, kusema kweli, hawajawahi kuelewana. Alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo kwa sababu mwenzake hakutokea, na Boniface alikuwa amemtuma Respicius akamsubiri mlangoni pa kazi mpaka atoke. Leonard alifika akiwa bado na sare ya kazi chini ya jaketi, na viatu mkononi. Jina lake lilikuwa limeandikishwa. Akavaa jezi, akakaa mwisho wa benchi, na macho yake yalikuwa mekundu.

Kipindi cha pili tulizingirwa. Los Primos waligonga mwamba, kipa wetu akatema mpira akaurukia tena, beki wetu mmoja akaokoa kwenye mstari akiwa amelala chali. Roho ilikuwa mkononi. Wachezaji wa akiba waliingia mmoja mmoja, kama kanuni inavyotaka, na kwa bahati wote walikuwa watu wenye miguu. Dakika ya themanini ilipofika, sita walikuwa wameshaingia. Amebaki Leonard peke yake.

Nilijisogeza karibu na Boniface na nikamshika mkono wa jaketi. Nilimwambia, kocha, dakika kumi. Dakika kumi tu, wewe ni namba moja, na Leonard mwenyewe hatakulaumu. Aliendelea kuangalia uwanja. Nikamwambia tena, kwa sauti zaidi, na hapo watu wa nyuma yetu wakaanza kudakia, mwache akae, mwache akae. Papa Théophile naye akainua mkono kutoka kwenye blanketi. Alisema bila kupaza sauti, na sote tukamsikia: "Boniface, muache uyu akae. Miye nakuambia."

Ningependa kusema kwamba Boniface hakusita. Alisita sana. Aligeuka akamtazama Papa Théophile, akamtazama Leonard, akautazama ule ubao wa matokeo, akarudi kwa Papa Théophile. Kona ilipigwa, tukaiondoa, ikapigwa nyingine, na yeye bado amesimama palepale. Nilidhani nimeshinda. Leonard, ambaye alikuwa amesikia kila neno, akamwambia taratibu, "Kocha, niache tu. Mimi ninaelewa."

Boniface akamjibu, "Mimi pia nilisema ninaelewa. Vua jaketi."

Leonard aliingia kucheza beki wa kulia. Alipambana, hilo nitamtetea popote. Zikiwa zimebaki dakika mbili, winga wao akamzunguka, Leonard akanyoosha mguu uliochoka, ukamkuta mtu badala ya mpira, ndani ya eneo la hatari. Penalti. Wakafunga, tukawa sare ya bao moja. Dakika za nyongeza zikaisha hivyohivyo, tukaenda kwenye mikwaju, tukakosa miwili, wao wakakosa mmoja. Los Primos walirundikana juu ya kipa wao, na mimi nikapiga teke chupa ya maji ambayo, kwa bahati mbaya, ilikuwa imejaa.

Leonard alikaa chini kwenye mstari wa goli na kufunika uso kwa jezi. Boniface alikwenda akaketi naye palepale kwenye nyasi mpaka watu wa uwanja walipokuja kutuambia wanazima taa. Mimi ndiye niliyeendesha gari kurudi. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuvuka jimbo zima bila kufungua mdomo. Tulipokaribia Rockville, Boniface akasema, kama anayeongea na kioo, "Nililitaka sana, Jerotich. Sana." Alilia mpaka tukafika mlangoni kwake. Sikumwambia pole. Niliamini, na bado ninaamini, kwamba alikosea, na kwamba kocha wa timu inayoongoza fainali hafanyi vile.

Siku kumi na tatu baadaye, Jumamosi iliyopita, tukakutana Kupanga Makocha. Ukumbi haujawahi kujaa hivyo. Pilau ilikuwepo na hakuna aliyeigusa. Kwa desturi mimi ndiye mhesabu mikono, na kabla sijafungua mdomo watu walikuwa wameshagawanyika pande mbili za meza. Gitau alisimama upande wa Papa Théophile. Alisema kombe ni kombe, manne ni mengi kuliko matatu, na siku tutakapoanza kumpa mtu namba moja kwa huruma, tufunge klabu tufungue kwaya. Josué, aliyefunga lile bao la fainali likaishia patupu, alisimama upande wa Boniface. Josué ni mtu wa Bukavu, na wengi walidhani atamfuata mzee wa kwao. Alisema yeye ametoka klabu tatu katika nchi hii, na kote alikaa benchi akiwa na viatu miguuni, na hakurudi tena. Hapa alirudi.

Maneno yakaanza kupanda. Mtu akasema Leonard ametuuza. Mwingine akamwambia arudie, kama ana mdomo. Viti vikaanza kusogezwa, na si kwa ajili ya kukaa. Niliwaona wanaume wawili waliobatiza watoto pamoja wakiambiana maneno ambayo sitayaandika kwenye kijitabu cha sherehe. Hapo nilielewa kwamba hatubishani tena kuhusu makombe. Nusu ya ukumbi ilikuwa inatetea zile Jumapili tulizoshinda, na nusu nyingine ilikuwa inatetea zile Jumapili ilizopewa nafasi ya kucheza. Ningeita namba moja vibaya, tungetoka mle tukiwa timu mbili.

Boniface hakujitetea. Kwa mara ya kwanza hakuja na hoja. Alikuwa amekaa ametazama sahani tupu, na Rosemary amesimama nyuma yake na kijiko cha pilau mkononi, hajui akiweke wapi. Nikaita mikono. Boniface alijipigia kura mwenyewe, mkono juu kabisa, bila aibu, na hapo ndipo nilipompenda kuliko miaka yote. Mimi nilimpigia Papa Théophile. Nasema wazi ili nisije nikasemewa. Papa Théophile yeye hakunyoosha mkono popote. Nilipomaliza kuhesabu, mzee alikuwa anaongoza kwa mkono mmoja.

Kabla sijatangaza, mlango ukafunguliwa na Leonard akaingia, na sare yake ya kazi. Hakuna aliyemtarajia. Tangu fainali hakuwa amepokea simu ya mtu. Alisimama mlangoni, akauliza kama bado tunapiga kura, na ukumbi ukalipuka. Upande mmoja ukapiga kelele kwamba hesabu imeisha. Upande mwingine ukasema haijatangazwa. Wote wakanigeukia mimi. Kumkataza ilikuwa rahisi, na upande wangu ungeshinda. Nikasema huyu ni mwanachama, sijatangaza, anapiga kura. Leonard akanyoosha mkono kwa Boniface. Kura zikalingana.

Hatujawahi kulingana tangu tuanze. Kanuni yetu tuliyoiandika zamani, tukicheka, inasema kura zikilingana, neno la mwisho ni la kocha mkubwa kwa umri. Kocha mkubwa kwa umri ni Papa Théophile. Tulikuwa tumemfanya mzee awe hakimu wa kesi yake mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kumwondoa.

Papa Théophile aliweka mikono yote miwili mezani ili asimame, akasimama polepole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alimtazama Boniface. Kila mtu pale, na mimi pia, alidhani mzee atampa. Ndivyo wazee wanavyofanya kwenye sherehe za kuagana, na sisi tungepiga makofi, tungekula, tungekwenda nyumbani.

Alisema: "Namba moja ni miye. Kombe ine ni kombe ine. Na ile finale, kama ingerudia leo, Boniface, ningekuacha tena ku banc."

Benchi, tena. Boniface alitikisa kichwa mara moja, kukubali, kama mtu aliyeambiwa na daktari jambo alilokuwa ameshalijua. Upande wake wa meza ukaanza kunung'unika na Josué akasukuma kiti. Mzee akainua kidole, maana hakuwa amemaliza.

"Lakini kama ni miye mwenye kutoka ku kazi na asubui, nimechoka, na viatu mu saki," alisema, "singekuja kwangu. Ningekuja kwako."

Halafu akakaa na kuomba chakula, akisema pondu imepoa na ni makosa yetu.

Boniface alilia mbele ya watu wote, bila kujificha, na Leonard alilia zaidi yake. Josué akarudisha kiti chake. Wale wawili waliobatiza watoto pamoja wakaanza kugombania chapati, dalili nzuri kuliko zote. Nami nikatangaza matokeo, namba moja Papa Théophile, namba mbili Boniface, namba tatu Gitau, na Respicius akaanza kufungua soda.

Kwa niaba ya Klabu ya Maziwa Makuu, asante, kocha, kwa Jumamosi zote ulizoshinda kwenye simu ukitutafutia magari, na kwa Rosemary na Tania waliotuazima mume na baba muda mrefu kuliko tulivyoomba. Presha ishuke, goti lipone, na Jumapili zako zote kuanzia kesho ziwe za nyumbani kwako. Kura yangu siibadilishi. Ila msimu ujao timu ninaichukua mimi, na jana jioni nilimpigia simu Leonard kumuuliza anatoka zamu saa ngapi.